UZI: "Haifyonzi mwanga, inautawanya tu." Tulijadili hilo neno "tu" kwenye chembe za nano

NuruNdogo (mwanzisha uzi) #1

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna kauli naikuta kila panapozungumzwa chembe za nano zisizo za metali: "chembe hii haifyonzi mwanga, inautawanya tu." Hilo "tu" ndilo limenifanya nifungue uzi. Mtu akilisikia anaona mwanga ukigonga chembe na kurushwa pembeni papo hapo, kama mpira na ukuta. Sivyo mambo yalivyo. Mwanga unaingia, unakaa, unazunguka humo ndani, ndipo unatoka. Kule kukaa ndiko kuhifadhiwa, na kule kutoka ndiko kutawanywa. Mlango ni mmoja.

Tuanze na chembe ndogo sana, ndogo mno kuliko urefu wa wimbi la mwanga. Uga wa umeme wa wimbi unaifikia yote kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo chaji zake zote zinavutwa juu pamoja na kushuka pamoja. Hiyo ni dipoli ya umeme, basi. Lord Rayleigh aliikokotoa hali hii mwaka 1871 alipokuwa akieleza ubluu wa anga. Mtawanyiko unakwenda kwa kipeo cha sita cha kipenyo: punguza kipenyo kwa nusu, unapungua mara 64. Humo ndani nako hakuna cha kujivunia. Silikoni (ile ya chipu, siyo ya mpira) inapunguza kasi ya mwanga unaoonekana karibu mara 4. Kipimo hicho tukiite n. Kwa duara dogo sana, uga wa ndani ni 3 gawanya kwa jumla ya n mraba na 2, yaani 3 kwa 18. Sehemu moja ya sita ya uga ulio nje! Chembe ndogo ya silikoni inaukataa mwanga kuliko inavyoukaribisha.

Sasa ikuze hadi nanomita 150 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita), kisha ipige mwanga wa urefu wa nanomita 600. Ndani ya silikoni wimbi linabanwa mara 4, linakuwa na urefu wa nanomita 150. Limeenea kamili ndani ya kipenyo. Hapo uga upande mmoja wa chembe unaelekea juu na upande wa pili unaelekea chini, wakati ule ule. Ufuate kwa kidole utaona umechora duara. Na uga wa umeme unaozunguka duara huku ukibadilika unazaa sumaku. Silikoni haina usumaku wowote wa asili, lakini chembe hii inatenda kama sumaku ndogo inayogeuza ncha zake na kuzirudisha mara trilioni 500 kwa sekunde.

Hesabu ya duara la ukubwa wowote ilitolewa na Gustav Mie mwaka 1908, akitafuta sababu ya rangi za chembe za dhahabu ndani ya maji. Ludvig Lorenz wa Denmark alishaifikia mwaka 1890, ila haikusomwa na wengi. Kwa hiyo hii sumaku ilikuwa imelala ndani ya milinganyo hiyo zaidi ya miaka 100. Ilipofika 2012 ndipo watafiti walipoionyesha waziwazi kwenye chembe moja moja za silikoni za nanomita 100 hadi 200, kwa mwanga unaoonekana kwa macho. Mimi nilipoziona mara ya kwanza kwenye hadubini ya uwanja mweusi (inayoonyesha mwanga uliotawanywa pekee) nilinyamaza kwa muda. Vumbi lile lile la silikoni, hakuna rangi iliyotiwa, lakini nukta hii bluu, ile kijani, ile nyekundu. Tofauti yao ni ukubwa tu. Zinazokaribia 100 ni bluu, zinazoelekea 200 ni nyekundu.

Hoja yangu yenyewe ni hii. Chembe inapolia kwa dipoli moja (yaani mwanga unapoipiga kwa mapigo yake hasa) na haigeuzi mwanga kuwa joto, eneo lake la kutawanya kwenye kilele ni 3 mara urefu wa wimbi mraba, gawanya kwa 2π. Kwa nanomita 600 hilo ni maikromita za mraba 0.17. Kivuli cha duara la nanomita 150 ni 0.018 hivi. Maana yake chembe inakusanya mwanga kutoka eneo kubwa karibu mara kumi kuliko mwili wake. Nishati iliyomo ndani wakati wowote ni ile inayotawanywa kila sekunde, zidisha kwa muda ambao mwanga unakaa. Huwezi kukigusa kimoja bila kukigusa kingine.

Karibuni.

FundiRangi #2

Mkuu umenigusa penyewe. Mimi nachanganya rangi za ukutani, sijasoma fizikia ya juu. Poda nyeupe tunayotumia ni ya titani. Ikisagwa ndogo kupita kiasi weupe unapotea, rangi haifuniki. Ikiwa kubwa nako haifuniki vizuri. Siku zote nimeambiwa "ndivyo ilivyo." Ni jambo hili hili?

NuruNdogo #3

Ni hili hili, ndugu yangu, na nafurahi umeanza wewe mwenye mikono kazini.

Dayoksaidi ya titani ya aina ya rutile ina n karibu 2.7. Gundi inayoishika ukutani ina n karibu 1.5. Chembe haishughulishwi na n yake peke yake, inashughulishwa na tofauti kati yake na kilichoizunguka. Viwanda vinasaga poda hadi maikromita 0.2 hadi 0.3 kwa sababu hapo ndipo kila gramu inatawanya mwanga unaoonekana kuliko saizi nyingine. Ukienda chini sana unaangukia kwenye kipeo cha sita, mtawanyiko unakufa. Watengenezaji wa mafuta ya kukinga jua wanaitafuta hali hiyo makusudi: chembe za titani za makumi ya nanomita hazionekani nyeupe kwenye ngozi, ila bado zinafyonza urujuanimno. Ufyonzaji unakwenda na ujazo, kipeo cha tatu, kwa hiyo haupungui kwa kasi ile ya mtawanyiko.

Nina hakika umeona na hili: ukizidisha poda ndani ya kopo, kuna mahali ufunikaji unaacha kupanda kadiri ulivyotegemea.

FundiRangi #4

Kabisa. Unamwaga poda ya bei juu na haileti kitu.

NuruNdogo #5

Ni kwa sababu ya lile eneo kubwa kuliko mwili. Kila chembe inakusanya mwanga kutoka nje ya mipaka yake. Zikibanana, maeneo yao yanapandana, zinanyang'anyana mwanga ule ule. Ndiyo maana wanaweka vijazio vya kuzitenganisha.

Kilele_na_Bonde #6

Naomba kupinga kidogo. Umesema "mwanga unakaa." Unakaa muda gani? Tusije tukawapa watu picha ya betri. Kuna kipimo kinaitwa Q: kikiwa kikubwa, mwanga unavuja polepole. Duara la silikoni lina Q ya kumi hivi linapolia kwa ile sumaku. Mwanga wa nanomita 600 unatimiza mzunguko mmoja kwa femtosekunde 2 (femtosekunde ni sehemu ya milioni ya bilioni ya sekunde). Muda wa kukaa ni Q mara mzunguko gawanya kwa 2π. Hiyo ni kama femtosekunde 3. Ndani ya muda huo mwanga ulio nje unasafiri maikromita moja tu. Kuna haja gani ya kuita hiyo hifadhi?

NuruNdogo #7

Hesabu yako ni sahihi kabisa na nashukuru umeiweka. Ni femtosekunde 3.

Lakini pima muda kwa saizi ya nyumba. Maikromita moja ni takriban mara saba ya kipenyo cha chembe. Kwa chembe yenye upana wa nanomita 150, mwanga uliopaswa kupita moja kwa moja umechelewa mara kadhaa. Humo ndani nishati imerundikana. Uga uliokuwa sehemu moja ya sita kwenye chembe ndogo sasa umekuwa mara kadhaa ya ule wa nje. Kuna athari zinazokwenda kwa mraba wa uga, na nyingine kwa kipeo cha nne. Uga ukipanda mara 3, mraba ni 9, kipeo cha nne ni 81. Hapo mtu wa maabara hawezi kupuuza.

Na betri sikuitaja. Mfano ninaoupenda ni mtungi uliotoboka chini, ukiwa chini ya bomba. Maji yanaingia, yanavuja, na kina kinasimama pale ambapo yanayoingia yanalingana na yanayovuja. Kile kina ndiyo hifadhi. Ila mtungi wetu una ajabu moja inayoupita ule wa udongo: mwanga unaingilia kwenye tundu lile lile unalovujia.

Bembea #8

Hapo kwenye tundu moja ndipo napotea. Nikiziba tundu, si ndiyo mwanga utakaa zaidi? Lakini ukisema unaingilia hapo hapo, basi nikiziba hauingii. Sasa inakuwaje Q kubwa ifae kitu?

NuruNdogo #9

Swali zuri kuliko yote mpaka sasa.

Ukipunguza tundu, mwanga unaingia polepole na unavuja polepole. Ukisubiri vya kutosha, kina kinapanda juu zaidi kuliko zamani, ila kinachukua muda mrefu kufika. Na kwenye kilele, mwanga unaotawanywa kwa sekunde ni ule ule! Rudi kwenye kanuni ya post ya kwanza: 3 mara urefu wa wimbi mraba kwa 2π. Q haimo humo. Tundu likipungua, kilele hakishuki wala hakipandi. Kinachobadilika ni upana wake kwenye wigo (mpangilio wa rangi za mwanga), unakuwa mwembamba. Nishati ya ndani ndiyo inayopanda, kwa sababu ni kiasi kile kile cha kutawanywa mara muda mrefu zaidi.

Yaani kama jina lako linavyosema. Bembea isiyo na msuguano inasukumwa kwa vidole viwili na inapanda juu sana, mradi umsukume mtoto kwa mapigo yake hasa. Ukikosea mapigo kidogo, hapandi.

Bembea #10

Nimeelewa. Kumbe upana mwembamba ndiyo gharama ya kukaa muda mrefu.

BintiMaabara #11

Na gharama hiyo inauma, tuiseme. Kwenye silikoni kilele kinahama karibu nanomita 4 kwa kila nanomita 1 ya kipenyo, kwa sababu n ni karibu 4. Ukitengeneza chembe yenye upana wa kilele wa nanomita 4, kosa la nanomita moja kwenye kipenyo limekutoa kwenye mstari. Mashine ya kuchonga haitoi uhakika huo kwa kila chembe. Unachonga mia, zinazolia pamoja ni chache.

Kilele_na_Bonde #12

Na silikoni yenyewe inafyonza. Msisahau. Kwa nanomita 600 kipimo chake cha ufyonzaji ni karibu 0.02, na ukigawanya n kwa mara mbili ya kipimo hicho unapata 100. Hiyo ndiyo dari. Hata ukiziba tundu lote la mtawanyiko, Q haipiti 100 kwenye rangi hiyo kwa sababu mwanga unageuka joto. Ukielekea bluu ni mbaya zaidi.

NuruNdogo #13

Kweli tupu. Ndiyo maana watu wanaotaka mwanga ukae wanahamia infraredi, yaani mwanga usioonekana ulio ng'ambo ya nyekundu, kupita maikromita 1.1, ambako silikoni inakuwa kama kioo.

Niongeze hapo hapo, maana wengi wanakosea. Mtungi una matundu mawili: moja la kutawanya, moja la joto. Mtu anayetaka chembe ifyonze kadiri iwezekanavyo anaweza kudhani apanue tundu la joto tu. Akipanua kupita kiasi, mwanga haujengeki ndani na ufyonzaji unashuka. Ufyonzaji unafikia kilele pale matundu mawili yanapolingana, na hapo chembe inatawanya sawasawa na inavyofyonza. Ufyonzaji wa dipoli moja hauwezi kuzidi robo ya lile eneo kubwa la mtawanyiko. Kwa hiyo chembe inayofyonza bila kutawanya kabisa hutaipata, maana isiyotoa haipokei.

Mzee_wa_Lenzi #14

Wanangu, mmeweka mambo ya maana. Mimi niwarudishe kwenye mwelekeo, maana mmezungumzia kiasi cha mwanga bila kusema unakwenda wapi.

Chembe ina dipoli ya umeme na dipoli ya sumaku. Zikiwa na nguvu sawa na zikienda kwa hatua moja, mawimbi yao yanaongezeana mbele na kuuana nyuma. Chembe inatawanya mwanga mbele tu, nyuma hakuna kitu. Milton Kerker na wenzake waliliandika hilo mwaka 1983 kwa duara lenye usumaku, kitu ambacho kwa mwanga unaoonekana hakikuwepo. Watu waliliona kama zoezi la karatasi. Silikoni ilipoonyesha sumaku yake bila kuwa na usumaku, zoezi likageuka kifaa. Mwaka 2013 lilipimwa kwenye chembe halisi kwa mwanga unaoonekana.

Ukizipanga chembe hizo kwenye bapa, mwanga unapita wote, na kila chembe inauchelewesha kwa kiasi chake kulingana na ukubwa iliopewa. Ukichagua ucheleweshaji vizuri kutoka katikati hadi pembeni umepata lenzi isiyo na tumbo, unene wake chini ya urefu wa wimbi mmoja. Hapo mnaona hoja ya mwanzisha uzi: lenzi hiyo inafanya kazi kwa sababu mwanga unakaa. Kama usingekaa ndani, usingecheleweshwa.

Bembea #15

Shikamoo mzee. Je, kinyume chake kinawezekana? Chembe irudishe mwanga wote nyuma, mbele pasiwe na kitu?

Mzee_wa_Lenzi #16

Marahaba. Haiwezekani kwa ukamilifu. Kivuli kinatengenezwaje? Wimbi lililotawanywa mbele linakutana na wimbi lililokuja, na kwa hatua fulani yanapunguzana. Mwanga wote ulioondolewa kwenye mkondo, uliotawanywa na uliofyonzwa, unasomeka kwenye lile wimbi la mbele. Ukilifanya sifuri umesema hakuna kilichoondolewa, na kama hakuna kilichoondolewa, cha kurudisha nyuma umekipata wapi? Unaweza kulipunguza sana, kulifuta huwezi, isipokuwa chembe iwe yenyewe inatoa nguvu kama leza.

NuruNdogo #17

Asante mzee, hapo umenifundisha namna ya kulisema.

BintiMaabara #18

Sasa na mimi nilete kilichonisumbua karibu mwezi mzima. Nilichonga visahani vya silikoni, kimo nanomita 50, vipenyo kati ya 200 na 400. Nikapima mtawanyiko. Katikati ya wigo kuna shimo. Mwanga unafika, chembe ipo, naiona kwenye hadubini ya elektroni, lakini kwenye rangi hiyo haitawanyi karibu chochote. Niliambiwa sampuli ni mbovu, niitupe. Sikuitupa. Kwa hoja ya uzi huu, kama haitawanyi, basi haijahifadhi kitu. Sivyo?

Kilele_na_Bonde #19

Kwa kanuni ya #1 ndiyo. Nishati ya ndani ni mtawanyiko mara muda. Mtawanyiko sifuri, nishati sifuri. Chembe imegeuka hewa.

NuruNdogo #20

Kilele, kanuni ile niliifunga kwa sharti: chembe inalia kwa dipoli moja, namna moja ya kulia. Kisahani cha BintiMaabara kina zaidi ya moja, na hapo ndipo patamu.

Dada, ulichokipata kinaitwa anapoli. Mwaka 2015 kilionyeshwa kwenye visahani vya silikoni vya vipimo kama hivyo vyako, kwa mwanga unaoonekana. Ndani ya kisahani kuna mikondo miwili. Mmoja ni dipoli ya kawaida, juu chini. Wa pili unazunguka kama umeme uliofungwa kwenye umbo la andazi lenye tundu, ndani yake sumaku inafuata duara. Kwa mtu aliye mbali, mikondo hii miwili inatoa mawimbi ya sura moja kabisa, huwezi kuyatofautisha. Vikiwa na nguvu sawa na hatua zilizopingana, mawimbi ya nje yanauana. Ya ndani hayauani, kwa sababu ndani sura zake ni tofauti.

Matokeo yake kwa nje ni giza, huku ndani uga umejaa. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na hapa ni kweli kwa maana ya kupimika. Mwaka 2016 kisahani cha gerimani kilichowekwa kwenye hali hii kilitoa mwanga wa frikwensi mara tatu ya uliokiingia, kwa wingi kuliko nje ya hali hiyo. Kisahani kitupu hakifanyi hivyo.

Bembea #21

Ngoja. Umetuambia isiyotoa haipokei. Hii haitoi. Imepokeaje?

NuruNdogo #22

Nilikuwa nasubiri swali hilo kwa hamu.

Sheria haijavunjwa. Kisahani kina namna kadhaa za kulia, na kila moja ina tundu lake lililo wazi kabisa. Mwanga uliingia kupitia hayo matundu. Kinachotokea ni kwamba, mwanga wa nje ukiwa unaendelea kufika kwa rangi hiyo, yanayotoka kwenye matundu hayo yanafutana. Ni watu wawili wanaovuta kamba kwa nguvu sawa: kamba haisogei, lakini wote wawili wanatoka jasho.

Zima taa ghafla. Usawa unavunjika papo hapo, kila namna ya kulia inaendelea kwa muda wake na frikwensi yake, na mwanga unavuja nje. Giza la anapoli linahitaji taa iliyowashwa. Kwa hiyo kusema "hali ya siri isiyovuja" si sawa, na nimeona makala nyingi zinateleza hapo. Hali isiyovuja kabisa isingeweza kujazwa kutoka nje, sheria ya #13 inabaki palepale.

Kilele_na_Bonde #23

Nakubali nimekosea kwenye #19. Niliichukua kanuni ya namna moja nikaibebesha namna mbili.

Lakini basi je, zipo hali ambazo uvujaji wenyewe unazibwa, hata taa ikizimwa? Nimesoma kuhusu von Neumann na Wigner.

NuruNdogo #24

Zipo, na ndizo zinazonifurahisha kuliko anapoli.

John von Neumann na Eugene Wigner mwaka 1929 walionyesha kwenye milinganyo ya kwanta kwamba wimbi linaweza kubaki limefungwa hata kama lina nishati ya kutosha kutoroka, kwa sababu njia zake zote za kutoroka zinafutana. Mwaka 1985 Friedrich na Wintgen wakatoa njia rahisi kutengeneza: chukua namna mbili za kulia zenye ulinganifu mmoja, badilisha umbo polepole hadi frikwensi zake zikaribiane. Hazigongani, zinasukumana. Na katika kusukumana, moja inabeba uvujaji wa zote mbili na nyingine inabaki karibu haivuji.

Kwa chembe, unachobadilisha ni uwiano wa kipenyo na kimo cha kisahani. Kwa chembe moja yenye mipaka, iliyo peke yake hewani, uvujaji haufiki sifuri kamwe. Ila unashuka sana. Mwaka 2020 kisahani kimoja cha mchanganyiko wa alumini, galiamu na aseniki kilipimwa Q karibu 190 kwenye infraredi, na kikawa kinageuza mwanga kuwa frikwensi mara mbili kwa ufanisi mkubwa kwa saizi yake. Kwa maikromita 1.55, mzunguko mmoja ni femtosekunde 5.2 hivi. Zidisha 190, gawanya kwa 2π, mwanga unakaa karibu femtosekunde 157. Linganisha na zile 3 za Kilele. Kitu chenyewe bado ni kidogo kuliko urefu wa wimbi linaloingia.

Mzee_wa_Lenzi #25

Kwa kulinganisha tu: duara la kioo safi, kubwa mara elfu kadhaa kuliko chembe zenu, mwanga unatambaa ukingoni mwake kama sauti inavyotambaa kwenye kuba la kanisa la St Paul's kule London. Huko Q imefika karibu bilioni 10. Kwa mwanga wa 600 hiyo ni maikrosekunde 3, muda ambao mwanga ulio huru unakwenda karibu kilomita nzima. Kwa hiyo chembe ndogo haishindani kwa kukaa. Inashindana kwa kubana: nishati yote kwenye ujazo mdogo. Mwanafizikia Edward Purcell alishaliona mwaka 1946, kwamba atomu iliyowekwa ndani ya kijumba kinachoshika mwanga inatoa mwanga upesi kadiri Q inavyokuwa kubwa na ujazo unavyokuwa mdogo. Vyote viwili vinahesabika.

FundiRangi #26

Nafuatilia kimyakimya. Swali moja la mtu wa kopo: dhahabu na fedha mlizojadili kule kwenye uzi mwingine, kwa nini msizitumie? Nasikia nazo zinabana mwanga.

Kilele_na_Bonde #27

Zinabana kuliko silikoni, mkuu. Ila zinaubana kwenye ngozi ya chembe, mahali elektroni zinapogongana na kuzalisha joto. Sehemu kubwa ya mwanga inaishia humo, na chembe ikipigwa leza kali inayeyuka na kubadilika umbo. Silikoni inaubeba mwanga tumboni. Ukitaka joto, dhahabu ni sawa. Ukitaka mwanga utoke tena, chukua silikoni.

BintiMaabara #28

Narudi na majibu. Sampuli iliyotakiwa kutupwa nimeipiga leza ya infraredi kwenye visahani ambavyo shimo lake linaangukia kwenye rangi ya leza. Mwanga wa frikwensi mara tatu unaonekana. Kwenye visahani vya pembeni ambavyo shimo limehama, ni hafifu sana. Kwa hiyo palipo na giza ndipo mwanga ulipo. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Kisha nikachukua duara moja la kawaida, nanomita 180 kwa picha ya hadubini ya elektroni. Kilele cha sumaku kipo 690, upana 70. Q ni 10, mzunguko femtosekunde 2.3, muda wa kukaa 3.7. Nimekosea wapi?

NuruNdogo #29

Hongera sana, dada. Usiitupe sampuli hiyo milele.

Hesabu haina kosa, ila angalia ule upana. Kilele cha dipoli ya umeme kiko karibu, upande wa mawimbi mafupi, na mkia wake unaingia chini ya kilele cha sumaku. Ukisoma upana kwa rula unapata upana wa vyote viwili. Tenganisha kwanza kwa mikunjo miwili, kisha usome wa sumaku peke yake. Na kama duara limekaa juu ya kioo, kioo nacho kinafungua tundu kidogo.

BintiMaabara #30

Nimetenganisha. Upana wa sumaku peke yake ni 58. Q 12, muda femtosekunde 4.4. Kesho nalihamishia lile duara kwenye utando mwembamba ili nione kioo kilikuwa kinachukua kiasi gani.